Jumapili za Miaka Mitatu kwa Namba Moja!

Msomaji wangu, Jumapili iliyopita ulifanya nini? Usinijibu, najua. Ibada, pilau, soda baridi, halafu kijiweni kubishana mpira. Sasa kuna jamaa mmoja huko Marekani, Jumapili zake za miaka mitatu alizimalizia kwa namba. Namba, siyo demu!

Yenyewe hii hapa: 147,573,952,589,676,412,927. Tarakimu 21. Ukitaka kuipata, anza na 1, zidisha kwa 2, tena kwa 2, hivyo hivyo mara 67. Mwisho toa 1.

Kasheshe ilianzia Ufaransa. Mwaka 1644 mtawa mmoja, Marin Mersenne, alitangaza kuwa namba hii ni tasa. Mnakumbuka namba tasa za shule ya msingi? Zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe, kama 7 au 13. Kauli ya mtawa ikakaa zaidi ya miaka 200. Mwaka 1876 Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, akathibitisha kwamba si tasa bwana, ina vigawo. Vigawo gani? Hapo kimya. Hesabu zake zilionyesha kwamba vipo, basi.

Akina dada hali hii wanaijua. Una hakika mzee ana nyumba ndogo, lakini jina la huyo mtu huna, mtaa huna. Utaanzia wapi?

Aliyefanya fumanizi ni Frank Nelson Cole. Oktoba 1903, kwenye mkutano wa wanahisabati New York, wanasimulia kwamba aliitwa kuzungumza, akaenda ubaoni bila kutamka neno. Upande mmoja akakokotoa ile namba. Upande wa pili akaandika 193,707,721 mara 761,838,257,287, akaanza kuzidisha kwa mkono, mstari kwa mstari. Majibu yakawa yale yale! Akarudi kukaa, bado hajasema kitu. Ukumbi mzima makofi. Baadaye alipoulizwa kazi hiyo ilimchukua muda gani, akasema: Jumapili za miaka mitatu.

Hebu ona. Kuzidisha zile mbili hata mtoto wa darasa la sita anaweza, akipewa karatasi na muda. Kurudi nyuma, kutoka kwenye jibu hadi kwenye vigawo, ndiyo balaa. Leo kompyuta inaivunja namba ya Cole kabla hujapepesa jicho, lakini mpe namba ya tarakimu 600 iliyotokana na namba mbili tasa kubwa, atakaa nayo mpaka achoke. Ugumu huo ndio uliotumika kutengeneza kufuli la siri liitwalo RSA mwaka 1977, na hadi leo linalinda mambo mengi ya intaneti.

Kwa hiyo mtu akikuletea umbeya wa "mimi najua tu", usigombane na mwenzio. Mwambie alete vigawo!

Tukutane wiki ijayo.