Black Mamba ni Baiskeli Huria

Wasomaji wangu, leo naweka kibodi kando tuzungumze kuhusu baiskeli. Msikimbie! Mtaona karibuni kwamba ni habari ileile ya programu huria tunayoizungumza hapa kila mara.

Mada ni krenki, yaani ile mikono miwili ya chuma inayobeba pedali, pamoja na ekseli inayoziunganisha ndani ya fremu. Na baiskeli ninayoisema ni Black Mamba, ile nyeusi nzito iliyofuata mtindo wa Raleigh za Uingereza, ambayo kwa miaka mingi imetujia kutoka viwanda vya India na China. Boda boda za kwanza kule mpakani Busia zilikuwa baiskeli za namna hii. Mpaka leo zinabeba maziwa, makaa, mitungi ya maji na watoto wa shule.

Msimamo wangu ni huu: Black Mamba haifi kwa uzee. Inakufa kwa sababu hakuna aliyeifungua kwa wakati, au aliyeifungua alitanguliza nyundo kabla ya akili. Kwa hiyo mtu akikwambia ekseli ya zamani ni takataka, utafute ya kisasa iliyofungwa kabisa, muulize swali moja tu. Hiyo ya kisasa ikiharibika, ataifungua nani, na kwa kifaa gani?

Tuangalie kilichomo ndani. Ekseli moja. Vikombe viwili vya chuma. Gololi 22 za robo inchi, 11 kila upande. Grisi. Pete ya kukazia upande wa kushoto. Basi. Krenki zenyewe zinashikwa na kotapini mbili, vipande vya chuma vyenye ubapa upande mmoja, kila kimoja na nati yake.

Kotapini ndipo watu wengi wanapoharibu. Fundi mwenye haraka anaigonga mara ishirini huku krenki ikining'inia hewani. Kila pigo linapita moja kwa moja hadi kwenye gololi na vikombe, na pini yenyewe inapinda. Njia nzuri haihitaji pesa. Tia mafuta mepesi, acha yalale usiku kucha. Legeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini, ili nyuzi zisipondeke. Weka kipande cha bomba la chuma chini ya krenki, kisimame imara sakafuni, na pini iwe na nafasi ya kushukia ndani ya bomba. Kisha piga pigo moja la nguvu, lililonyooka. Ikilegea, toa nati na uisukume nje.

Ukishatoa krenki, anza upande wa kushoto: fungua pete, kisha kikombe. Tandika kitambaa chini, maana gololi zinapenda kutoroka. Kikombe cha kulia kiache mahali pake kama hakijaharibika. Kisafishe na kukikagua kwa tochi.

Na hapa kuna jambo ambalo mwandishi wa programu atalipenda. Katika muundo wa Kiingereza, kikombe cha kulia kina nyuzi za kinyume: kinafunguka kwa kuzungushwa upande ambao kwa kawaida tunakazia. Si makosa ya kiwandani. Gololi zinapobingirika chini ya uzito, zinakisukuma kikombe polepole kuelekea upande ulio kinyume na mzunguko wa ekseli. Kwa nyuzi za kawaida, kikombe cha kulia kingejifungua chenyewe barabarani. Fundi asiyejua hili hukaza akidhani anafungua, mpaka kikombe kinaharibika. Mfano mzuri wa msimbo usio na maelezo!

Baada ya hapo ni kazi ya sabuni na subira. Osha kila kitu kwa mafuta taa. Vikombe na ekseli vikiwa na vishimo, badilisha. Gololi badilisha tu, ni bei ndogo. Jaza grisi mpya, panga gololi, rudisha ekseli, ncha ndefu ikielekea upande wa mnyororo. Kaza kikombe cha kushoto mpaka mchezo uishe lakini ekseli izunguke kwa uhuru, kisha ukishikilie hapo unapokaza pete. Kotapini mbili zielekee pande tofauti, la sivyo krenki hazitanyooka. Endesha kilomita chache, kaza nati tena.

Sasa tusidanganyane. Ekseli iliyofungwa ina faida ya kweli. Vumbi na matope haviingii kirahisi, na unaweza kukaa miaka bila kuigusa. Wala zamani hakukuwa peponi. Waingereza wengi walitumia nyuzi 24 kwa inchi, Raleigh ikawa na zake 26, Waitaliano na Wafaransa nao wakawa na vipimo vyao. Ndiyo maana unapoenda dukani unabeba kikombe cha zamani mkononi.

Lakini angalia kilichofuata. BB30 ya Cannondale ilikuja mwaka 2000, kisha PF30, BB86, BB90 ya Trek, kila moja na vipimo vyake na vifaa vyake. Hizi hazina nyuzi kabisa, beringi inashindiliwa tu ndani ya fremu. Waendeshaji wakalalamika miaka na miaka kuhusu milio. Mwaka 2015 kikaja kipimo kipya, T47, na habari yake kubwa ilikuwa nini? Nyuzi zimerudi!

Kipimo changu basi si uzee wala usasa. Kitu ni kizuri kama kinaweza kufunguliwa na kurekebishwa pale kinapoharibikia. Mama anayepeleka maziwa kwa baiskeli hawezi kusubiri kifaa maalumu kutoka ng'ambo huku maziwa yanaganda. Fundi wa chini ya mti mwenye spana, nyundo na kopo la grisi ndiye mtandao wake wa huduma, na tayari yuko katika kila soko.

Ninasema haya kwa sababu leo hapa Kenya kuna kampuni zinazounganisha baiskeli na pikipiki za umeme, na wengine wetu ndio tunaoziandikia programu. Tuna nafasi ya kuamua sasa. Tumieni beringi zinazopatikana madukani. Toeni mwongozo wa ukarabati kwa kila mtu. Msiweke programu inayomzuia fundi kuwasha chombo alichokitengeneza vizuri mpaka kompyuta ya kampuni ikubali. Tukishindwa hapo, tutakuwa tumemwondoa fundi kazini na kumwacha mwenye chombo akisukuma kwa miguu.

Na wewe mwenye Black Mamba ya babu inayolia kriki kriki kila ukikanyaga, usiipeleke kwa wauza vyuma chakavu. Gololi 22, grisi, na jioni moja.

Unabisha? Maoni yako hapo chini, karibu.