Mama, simu inasema kulia

Wiki tatu kabla ya kijana wangu wa kwanza kusafiri kwenda India masomoni, nilianza kuota barabara. Sikuota ndege wala ada. Nilijiona nipo katikati ya mataa ya Dar es Salaam, gari limezima, nyuma yangu daladala zinapiga honi, na mimi nimesahau hata funguo inazungushwa upande gani.

Leseni ninayo mwaka wa tisa sasa. Hapa Morogoro naendesha kila siku: kazini, shuleni, Soko la Chifu Kingalu, nikijitahidi sana nafika Mzumbe. Safari za Dar zilikuwa za baba yao. Yeye yuko Geita mgodini, na ruhusa ya kuja kumsindikiza mwanawe haikupatikana.

Alinishauri tuchukue treni ya SGR, ambayo tangu 2024 inatufikisha Dar bila foleni. Ushauri mzuri. Ila tulikuwa na mabegi makubwa mawili, na mama mkwe wangu mwenye magoti mabovu alikuwa ameapa hatabaki nyumbani mjukuu wake akiondoka. Akashauri tena tukodi dereva. Hapo mdogo wake kijana, yuko darasa la sita, akadakia huku anakula: "Ndiyo, maana mama anaendesha hadi sokoni tu."

Wote tulicheka. Mimi mwenyewe nilicheka. Usiku nikakaa nikifikiri. Mtoto yule hakutunga maneno yale, ni utani wa nyumbani kwetu. Baba yao anautania woga wangu, mimi nautania, wageni wakija tunawasimulia. Kumbe kuna msichana wa miaka 12 ameketi hapo, anajifunza kwamba mama yake ana mpaka wake, na mpaka wenyewe ni sokoni.

Nikasema nitaendesha mimi.

Mzazi mwenzangu, usinielewe vibaya. Ujasiri si kubeba watoto kwenye gari na kwenda kujaribu bahati. Nilijipa siku za kujiandaa. Jumamosi moja niliacha gari nyumbani, nikapanda basi hadi Dar. Nilipofika Ubungo nikatafuta daladala inayopita Barabara ya Mandela kuelekea Gongo la Mboto, nikakaa mbele kabisa karibu na dereva. Sikuangalia simu, niliangalia barabara tu, na kidaftari mkononi.

Niliandika mambo ambayo ramani haikuwa imenieleza. Kwamba pale Ubungo kwenye barabara za juu, anayetoka Kimara akitaka kukata kulia kwenda Buguruni asipande juu. Abaki chini kwenye mataa. Kwamba Mandela imejaa malori ya bandarini, na lori halikupishi kwa sababu umewasha indiketa. Kwamba pale Tazara, daraja la Mfugale lililokuwa likininyima usingizi halinihusu hata kidogo, maana lile ni la wanaopita Barabara ya Nyerere moja kwa moja. Mimi nitokaye Buguruni napita chini yake, nakata kulia. Nilikuwa nimeogopa daraja ambalo sikutakiwa kulipanda!

Nikaenda hadi uwanjani kwenyewe, nikajionea wapi magari yanaingia. Ndege za kimataifa ziko Teminali 3, ile iliyoanza kutumika 2019, na za ndani ziko Teminali 2. Tofauti hii ni kubwa kwa mtu mwenye haraka, kwa hiyo ukiweka safari kwenye ramani ya simu usiandike "uwanja wa ndege" tu. Andika na jengo lenyewe.

Siku ikafika. Ndege ilikuwa ya saa 11 jioni, na tulitakiwa kuwa uwanjani saa tatu kabla. Tuliondoka Morogoro saa 12 asubuhi. Ni kilomita zipatazo 200, na mtu mwenye haraka angeniona nimechanganyikiwa. Lakini mwoga akiongezewa haraka anakuwa hatari. Niliununua utulivu wangu kwa saa za ziada.

Hadi Chalinze mambo yalikuwa mazuri. Tulikunywa chai, bibi yao akanyoosha magoti. Tulipoondoka pale akaanza kutuhesabia sehemu zilizowahi kutokea ajali. "Hapa basi lilipinduka. Pale mbele, lori la mafuta." Mimi kimya, vidole vimekaza usukani. Vibao vya 50 vilikuwa vingi na trafiki nao hawakuwa wachache, ila kwa mwendo wangu hakuna aliyekuwa na sababu ya kunisimamisha.

Tulipopita Kibaha barabara ikafunguka, njia nane. Magari yananipita kushoto na kulia. Ghafla, tulipokaribia Mbezi, kijana aliyeshika simu akasema, "Mama, simu inasema kulia."

Kulia? Kidaftari changu hakina kulia Mbezi. Kumbe simu ilikuwa imeona foleni mbele, ikatafuta njia ya mkato ya Malamba Mawili kupitia Kinyerezi. Njia ipo, na wenyeji wanaipita kila siku. Lakini mimi sikuwahi kuipita.

"Mama, kulia, inasema tutaokoa dakika kumi na..."

"Nyamaza! Unataka kutuua?"

Akanyamaza. Akazima sauti ya simu, akageukia dirishani. Mdogo wake naye kimya. Hata bibi aliacha ajali zake. Tukaenda hivyo hadi Kimara, na katika kimya kile nikaanza kupiga hesabu nyingine. Mtoto huyu nitakuwa naye kwa saa chache tu. Baada ya hapo sijui ni miaka mingapi. Na neno kubwa nililomwambia tangu asubuhi ni hilo.

Nikaingia kituo cha mafuta, nikaegesha pembeni, nikazima gari.

"Baba, nisamehe," nikamwambia. "Sijakukasirikia. Naogopa. Naogopa tangu wiki tatu zilizopita."

Alikaa kidogo kabla ya kujibu. "Hata mimi, mama. Tangu juzi sijalala. Naogopa ndege, naogopa na huko niendako."

Nyuma bibi yao akakohoa. "Basi tuko watatu. Mimi mnadhani zile ajali nazihesabu kwa nini?"

Tulicheka hadi machozi, ingawa ya kwangu hayakuwa ya kicheko peke yake.

Nakuandikia haya, msomaji wangu, kwa sababu ya dakika zile kumi pale Kimara. Kwa wiki tatu nilikuwa nimejifunza barabara vizuri, lakini woga wenyewe niliuficha, nikidhani mama mwenye nguvu ndivyo anavyofanya. Woga uliofichwa haukai kimya. Hutoka kama ukali, na mwenye kuupokea ni mtoto aliye karibu. Kijana alijua nimekasirika ila hakujua kwa nini, na alikuwa na woga wake ambao hakuthubutu kuuleta mbele ya mama mwenye uso ule.

Baada ya pale tuligawana kazi. Kijana asome vibao vya barabarani na kunitajia mapema, kwa sauti ya kawaida: "Mama, mataa ya pili ndiyo yetu." Simu iendelee kutuonyesha tulipo, lakini njia ni ya kidaftari, hata kama ni ndefu. Mdogo wake ashike maji na kutazama upande wa kushoto kama kuna bodaboda. Bibi alipewa kazi moja: asitaje ajali. Akakubali, akahamia kwenye sala.

Ubungo tulibaki chini, tukakata kulia vizuri kabisa. Tukapita External, Tabata, Buguruni. Mwendo wa kinyonga, malori mbele na nyuma. Nikaanza kujisikia mwenyeji.

Tulipokaribia Tazara nikagundua niko upande wa kushoto, na ninatakiwa kuwa kulia. Niliwasha indiketa mapema, lakini lori lililokuwa kulia kwangu halikunipa hata nafasi ya kupitisha pua. Mataa yakaruhusu. Kijana akasema taratibu, "Mama, usilazimishe. Twende tu moja kwa moja, tutageuza mbele."

Tukapitiliza kuelekea Temeke. Nilikuwa nimeiota siku hii mara nyingi, na kwenye ndoto kukosea kona ndiyo mwisho wa dunia. Nikaendesha mbele hadi mahali panaporuhusiwa kugeuza, nikageuza. Na ajabu ni kwamba ukirudi Tazara ukitokea upande ule, uwanja wa ndege unakuwa kushoto, na kushoto hakuna anayekuzuia. Kosa lilinigharimu dakika ishirini, katika safari niliyokuwa nimeiwekea saa nzima za ziada.

Tulifika kabla ya saa saba mchana. Niliegesha kwenye maegesho ya kulipia, si pale pa kushushia abiria, maana pale hupewi muda wa kukaa. Bibi akafungua hotpoti la pilau alilolipika alfajiri. Tulikula ndani ya gari, milango wazi. Kijana akasema alichokuwa nacho moyoni, mengine ni yake na yangu. Bibi akamwombea. Wasindikizaji huishia nje, abiria peke yake ndiye anayeingia, kwa hiyo kuaga kwenu kutategemea mmefika na muda kiasi gani. Ningefika saa tisa nikihema, ningemsukumia mabegi, nikampungia mkono, basi.

Kama nawe una safari kama hii mbele yako, haya ndiyo niliyoyapata.

Jua jengo lako siku kadhaa kabla, na liangalie kwenye tiketi. Ukiweza, pita njia hiyo mara moja kama abiria, uone kwa macho yako makutano mawili matatu yanayokutisha. Yaandike. Mengi utakuta yanatisha zaidi kwenye mawazo.

Pasi ya kusafiria, visa, kadi ya chanjo na tiketi ziwe mfuko mmoja, na uhakikishwe mlangoni nyumbani kabla gari halijawashwa. Ukikumbuka pasi ukiwa Chalinze, hakuna udereva utakaokuokoa.

Dereva asishike simu. Mpe mwingine, na mkubaliane mapema kwamba simu ikileta njia mpya mtafanya nini. Mwenyeji afuate mkato. Mgeni afuate njia aliyoiona. Njia za mwendokasi waachie mabasi yake, hata foleni ikuchome vipi.

Ukikosea kona, usirudi nyuma, usikate ghafla, usisimame katikati. Endelea mbele, geuza panaporuhusiwa. Hili liseme kwa sauti kabla hamjaondoka, ili hata watoto walijue.

Na kama mikono inatetemeka kweli, kama macho hayaoni vizuri jua likizama, kama hujalala, kodi dereva au panda basi na usione haya. Kumfikisha mtoto salama ndiyo kazi, si kuonyesha kwamba unaweza. Mimi mwenyewe sikurudi usiku ule. Tulilala kwa wifi yangu Kibaha, tukaondoka asubuhi watu wakienda kanisani.

Lakini kabla ya yote, waambie walio ndani ya gari kwamba unaogopa. Huhitaji kutoa hotuba. Sema tu, "Njia hii siijui, nitahitaji msaada wenu." Watoto hawapotezi heshima kwa mzazi anayesema hivyo. Wanapata kazi ya kufanya, na wanajifunza kwamba mtu mzima anaweza kuogopa na bado akafika.

Jioni ile kule Kibaha baba yao alipiga simu. Kabla sijaipokea, msichana wa darasa la sita alikuwa ameshainyakua. Nilimsikia akisimulia safari nzima, kuanzia Chalinze. Alipofika Tazara nikajiandaa kuchekwa.

"Tulikosea, tukapitiliza," alisema. "Halafu mama akageuza."

Akaendelea na habari za pilau.