Kirumba tunabadilishana magoli, mtandaoni je?

Kuna kanuni moja ya soka ambayo haina mjadala. Ikifika mapumziko, timu zinabadilishana magoli. Kama kipindi cha kwanza umecheza jua likikupiga usoni, kipindi cha pili mwenzako naye alionje. Pale CCM Kirumba hata mvua ya ziwa ikishuka na dimba likageuka tope, tope ni la wote. Pamba Jiji akiteleza, mgeni naye anateleza.

Sasa njoo kwenye ule uwanja mwingine ambao vijana wetu wanaujaza kila jioni, uwanja wa kwenye simu. Huko hakuna kubadilishana magoli. Mmoja anacheza kwenye kapeti dakika zote, mwingine yuko kwenye mashimo mpaka filimbi ya mwisho. Halafu matokeo yanaandikwa kana kwamba wamecheza sawa.

Msiniambie hayo ni mambo ya watoto. Konami waliibadili PES kuwa eFootball mwaka 2021 na kuitoa bure, na mwenye simu ya kawaida tu anaweza kuingia dimbani bila kununua PlayStation. Desemba 2024 FIFA wenyewe waliandaa Kombe la Dunia la gemu hiyo jijini Riyadh, Saudi Arabia, na wa simu walikuwa na mashindano yao. Kijana wa Kirumba akitaka kufika huko, njia yake inaanzia kwenye bando.

Na bando ndilo linalomuua. Anabonyeza pasi, mchezaji anatulia kwanza kama anaomba ruhusa. Beki anakwenda kukaba mahali ambapo mshambuliaji alishaondoka kitambo. Mtandao ukikatika dakika ya 80 akiwa anaongoza, anaweza kuhesabiwa amekimbia mechi. Kijiweni wanamcheka: hujui mpira, unasingizia mtandao.

Wengi wakifika hapo wanakimbilia kuongeza GB. Bwana, hiyo ni kumwongezea maji mchezaji aliyevunjika mguu. Mechi yenyewe inakula data kidogo sana. Kinachomaliza bando ni toleo jipya la gemu linalojipakua lenyewe, pamoja na video zinazojifungua kwenye programu nyingine. Hayo yapakue kwa kifurushi cha usiku, na uzime upakuaji wa kujiendesha wenyewe.

Kinachoamua mechi ni muda ambao kila unachobonyeza kinatumia kwenda na kurudi. Wachezaji wanauita pingi, na unapimwa kwa milisekunde. Mwanga ndani ya waya wa faiba unakwenda takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Kama seva iko Ulaya na waya una urefu wa kilomita 10,000, kwenda na kurudi ni milisekunde 100, hata kabla hujahesabu foleni ya mnara wa mtaani kwako. Jioni mnara huo mmoja unabeba anayetazama mechi, anayepiga simu ya video na wewe unayetaka kupiga penalti. Ni daladala ya saa 12 jioni hiyo.

Na njia yenyewe ni nyembamba. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti ya Tanzania nzima iliyumba. Siku ile bingwa wa Kirumba na yule asiyejua kukaba walikuwa daraja moja.

Kuna na mteremko wa pili, wa pochi. Gemu ni ya bure, lakini nyota wakali wanapatikana kwa sarafu, tena kwa kubahatisha. Unalipa, unazungusha, unatokewa na usiyemtaka. Ubelgiji mwaka 2018 waliamua kwamba mtindo wa aina hii ni kamari, na EA wakaacha kuuza pointi za FIFA nchini humo mwanzoni mwa 2019. Sisi mkeka tunaujua na tunajua umri wake. Huu wa kwenye gemu mtoto wa miaka 12 anauchana mbele ya mama yake, kwa laini iliyosajiliwa kwa kidole cha mama huyohuyo. Mzazi, namba ya siri ya pesa za simu isizoeleke kwa mtoto.

Wapo watakaosema dawa ni kuwanyang'anya simu waende uwanjani. Waende, nani anakataa? Lakini anayecheza gemu usiku si lazima akose mazoezi jioni, na mashabiki wengi wa leo majina ya wachezaji wa Ulaya wamejifunzia kwenye gemu.

Ninachodai ni kidogo. Kampuni za simu zikitangaza kifurushi, zisiishie kwenye GB. Zituambie na pingi ya jioni pale Kirumba, Igoma na Buhongwa ni ngapi, na TCRA izibane ziseme. Mteja anayelipia anapaswa kujua ananunua kapeti au mashimo.

Pili, klabu zetu ziamke. TP Lindanda na Wana Kishamapanda wanalia kila msimu kwamba vijana hawaji uwanjani. Chukueni televisheni moja, pedi mbili na mashine moja, muandae mashindano ya mitaa kabla ya mechi ya nyumbani. Hapo hakuna pingi wala sarafu, wote wawili wanatazama kioo kimoja. Tupeni timu zenye nguvu sawa, halafu tumjue nani anajua na nani alikuwa anabebwa na mnara. Atakayeshinda mpeni tiketi ya kuingia Kirumba mwezi mzima.