Mafuta ya Karafuu: Faida Yake na Mpaka Wake



Hivi karibuni tulimzuru binti yetu mmoja wa Mombasa aliyeolewa Nairobi, mtaani Mukuru kwa Njenga. Mwanawe wa miezi minane alikuwa akilia kwa meno, na kuta za mabati hazifichi kilio. Bibi wa mtoto alikuwa amewapelekea kichupa cha mafuta ya karafuu, na tulimkuta binti ameshajaza kijiko amnyweshe. Tulimzuia, kisha tukamweleza haya tunayowaandikia nanyi.

Mafuta haya hutolewa kwa mvuke kutoka katika karafuu zenyewe, majani yake au makonyo. Sehemu yake kubwa, yapata asilimia 70 hadi 90, ni eujenoli. Hiyo ndiyo itoayo harufu na kutia fizi ganzi. Eujenoli ni ya jamii ya fenoli, kama ilivyo thimoli ya zaatari. Mafuta ya kupikia yakikaa hewani, chembe moja iliyoharibika huiharibu ya pili, nayo ya pili huiharibu ya tatu, hata yakavunda. Fenoli huipa chembe ile haidrojeni yake, ikatulia, na mnyororo ukakatika. Hiyo ndiyo sifa ya kuzuia oksidisheni inayosifiwa sana.

Lakini sifa iliyoonekana maabara si ruhusa ya kumnywesha mtoto. Karafuu mbili tatu katika pilau ni kiungo. Kijiko cha mafuta yake ni kitu kingine kabisa. Madaktari wameandika habari za watoto wadogo waliokunywa mililita 5 hadi 10, yaani kijiko kimoja au viwili vya chai, wakapoteza fahamu na maini yao yakadhurika.

Basi mtoto wa meno asuguliwe fizi kwa kidole safi, au apewe atafune kitambaa safi kilicholowanishwa maji yaliyochemshwa yakapozwa. Kichupa kiwekwe mbali na mikono midogo. Akiyanywa kwa bahati mbaya, msimtapishe. Mkimbizeni hospitali na chupa mkononi.

Bibi alituma kwa mapenzi, wala hatumlaumu. Ila dini yetu imetukataza kudhuru, hata kwa nia njema, na mtoto ni amana.

Wallahu aalam. Wassalaam.