MWEKEZAJI AKIJA, MWANANCHI AULIZWE



Kila tudaipo kazi kwa vijana wetu, wakubwa hutujibu kwa neno moja: mwekezaji. Nasi twauliza: kwa mkataba gani? Ufuateni Mto Nzoia hadi Webuye, mkajionee. Kiwanda cha karatasi cha Pan African kilianza kazi mwaka 1974, Serikali ikiwa mbia pamoja na wenye mitaji wa kigeni. Misitu ya nyanda hizi za juu ikakatwa kukilisha. Moshi wake ulinuka, na wenyeji wakalalamika kwamba mabati yao yaliliwa na kutu upesi; nani aliwasikiliza? Mwaka 2009 milango ikafungwa. Mji mzima ulikuwa ukila kwa kiwanda kile: fundi wa baiskeli, mama muuza omena, mwenye vyumba vya kupanga. Wote wakaanguka pamoja. Mwaka 2016 kikauzwa kwa shilingi milioni 900, waliokuwa wafanyakazi wake wangali wakidai haki zao.

Hatupingi viwanda, atuitaye maadui wa maendeleo ni mzushi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 69, yaiamuru Serikali itumie maliasili kwa njia endelevu na kuhakikisha faida yake yagawanywa kwa haki. Basi mkataba wowote wa ardhi, maji au msitu wa Trans Nzoia usomwe barazani, kwa Kiswahili, kabla ya kutiwa sahihi. Na useme waziwazi nani atapanda miti badala ya ile itakayokatwa, na nani atawalipa wafanyakazi siku mitambo itakapozimwa.