Nyota tano za Bukavu zinatolewa na nani?

Mgeni anayetafuta pa kulala Bukavu hufungua simu, huandika jina la mji kwenye Google Maps au Tripadvisor, na papo hapo huonyeshwa hoteli za kando ya Ziwa Kivu zikiwa na nyota nne, nne na nusu, hata tano. Chini yake kuna maneno ya wateja waliotangulia: ziwa linaonekana vizuri kutoka chumbani, samaki ni mtamu, wahudumu ni wakarimu, gari lilitupokea uwanja wa ndege wa Kavumu.

Mkaaji wa Ibanda au Kadutu akiyasoma hayo atacheka kidogo, kisha atanyamaza. Uwanja wa Kavumu ulitekwa Februari 2025, na siku chache baadaye mji wote ukaangukia mikononi mwa M23. Benki zilifunga milango. Ndege za abiria zilikoma. Mengi ambayo mteja wa zamani aliyasifu kwa haki yalibadilika ndani ya wiki moja, lakini nyota zake bado zinahesabiwa.

Aliyeandika mwaka 2018 hakusema uongo, aliandika alichokiona. Shida ni kwamba neno lake linawekwa kwenye chungu kimoja na la mwezi uliopita, na msomaji anapewa namba moja tu, kana kwamba mji ulisimama palepale. Kwa mji kama Bukavu, tarehe ya maoni ina uzito kuliko nyota yenyewe. Ajabu ni kwamba tarehe huandikwa kwa herufi ndogo na nyota kwa rangi ya dhahabu.

Uongo wa makusudi nao upo, tena mkubwa. Mwaka 2017 mwandishi wa Uingereza Oobah Butler, ambaye zamani alikuwa akilipwa pauni 10 kwa kila sifa ya uongo aliyowaandikia wenye mikahawa, alisajili kibanda cha bustani yake kwenye Tripadvisor kama mkahawa. Picha za vyakula alizitengeneza kwa povu la kunyolea ndevu na vidonge vya kusafishia. Marafiki zake wakaandika sifa. Baada ya miezi michache kibanda hicho, The Shed at Dulwich, ambacho hadi wakati huo hakuna mteja aliyekuwa amekula ndani yake, kilishika nafasi ya kwanza kati ya mikahawa zaidi ya 18,000 ya London. Watu walipiga simu wakibembeleza wapewe meza.

Mwaka uliofuata, mahakama ya Lecce, Italia, ilimhukumu mtu kifungo cha miezi 9 kwa kuwauzia wafanyabiashara sifa za kubuni. Google yenyewe inasema kwamba mwaka 2023 pekee ilizuia au kufuta maoni zaidi ya milioni 170 yaliyovunja kanuni zake. Marekani, tangu Oktoba 2024, imekataza kununua na kuuza maoni ya uongo, na faini inaweza kupita dola 50,000 kwa kosa moja.

Kongo nayo ina sheria yake ya mambo ya dijitali, iliyotiwa saini tarehe 13 Machi 2023, inayogusa pia biashara ya mtandaoni. Ila mwenye mkahawa mdogo wa Nyawera aliyechafuliwa jina na mshindani wake apeleke wapi malalamiko, wakati serikali ya Kinshasa haitawali mji? Hubaki kubonyeza kitufe cha kuomba maoni yafutwe, halafu akasubiri jibu kutoka kwa mtu asiyejua Nyawera iko wapi.

Tena, ni nani anayeandika maoni hayo? Kwa hoteli za Bukavu, kwa muda mrefu walikuwa wafanyakazi wa mashirika ya kigeni, watu wa Umoja wa Mataifa, na watalii waliokuja kuona sokwe wa Kahuzi-Biega. Waliandika kwa Kifaransa na Kiingereza, na walilipa kwa dola. Kikosi cha MONUSCO kiliondoka Kivu Kusini Juni 2024, na vita viliwafukuza wengine wengi. Mama wa Kadutu anayetaka kujua ni duka gani linauza simu isiyo ya bandia, au ni famasi ipi isiyouza dawa iliyopitwa na muda, hatapata nyota hata moja ya kumsaidia. Huduma za mgeni zina maoni mia. Za mkaaji hazina.

Badala yake, mama huyo ana WhatsApp. Muuzaji huweka picha ya viatu au simu kwenye hali yake, kisha anaweka picha za ujumbe wa wateja: “Mzigo umefika, Mungu akubariki.” Mnunuzi anatuma pesa kwa M-Pesa au Airtel Money, anangoja. Picha ya ujumbe kama huo hutengenezwa kwa dakika mbili kwa kutumia simu ya pili, na pesa iliyokwisha kutumwa hairudi kwa urahisi. Aliye salama ni yule anayeweza kumpigia mteja mmoja wa zamani na kumwuliza: viatu vilifika kweli, na vilikuwa vile vya pichani?

Lakini jambo zito zaidi liko ziwani. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti MV Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku mjini Goma. Watu makumi walikufa. Viongozi walisema ilikuwa imebeba watu kuliko uwezo wake. Wengi walipanda boti kwa sababu vita vilikuwa vimefunga barabara ya kwenda Goma. Tuseme boti ile ingekuwa na ukurasa wa maoni. Siku moja kabla, ungekuwa umejaa sifa, kwa kuwa waliovuka salama huandika kwamba walifika mapema na nauli ilikuwa nafuu. Boti iliyojaa kupita kiasi hufika salama mara nyingi, na kila inapofika hupata nyota nyingine. Waliozama hawaandiki.

Hapa ndipo maoni ya wateja yanapodanganya hata pale ambapo hakuna mwongo. Mteja anaweza kupima ladha ya samaki na usafi wa shuka. Hawezi kupima mzigo ulio chini ya sakafu ya boti, wala hawezi kujua kilichomo ndani ya kidonge. Hiyo ni kazi ya mkaguzi, na mji usio na mkaguzi hauwezi kuikabidhi kazi hiyo kwa nyota.

Kuna wanaosema bora kurudi kwenye redio ya barabarani, maneno ya jirani kwa jirani. Ni kweli jirani anajulikana anapokaa, na akidanganya ataulizwa. Lakini Bukavu inajua vizuri jinsi sauti moja ya WhatsApp, isiyo na jina, inavyoweza kufunga maduka ya mtaa mzima kabla ya saa sita mchana. Jirani naye ana shemeji mwenye duka.

Kwa hoteli, basi, msomaji asome maoni ya miezi sita ya mwisho tu, aanze na yenye nyota mbili au tatu, na amwangalie aliyeandika: je, amewahi kuandika kuhusu mahali pengine, au jina lake lilizaliwa siku hiyohiyo? Kwa viatu, apige simu kabla ya kutuma pesa. Kwa safari ya Goma, afike bandarini mapema, asimame pale abiria wa boti hiyohiyo wanaposhuka, na awaulize wawili watatu: mlikuwa wangapi, na jaketi za kuokolea ziliwatosha wote?