Chambo cha Jikoni



Wiki mbili zilizopita tulizuru jamaa zetu wanaofanya biashara Kithyoko, soko lililo kando ya barabara kuu ya Thika kwenda Garissa, katika Kaunti ya Machakos. Hata kahawa haijapoa, mama wa nyumba akatutaka shauri. "Sheikh wetu, wanangu huenda Masinga kuvua kila Jumamosi. Huchukua unga wangu wakarudi mikono mitupu. Tena yule mdogo hutunga nyungunyungu wazima kwenye ndoana, nami moyo hunichoma. Tufanyeje?"

Swali lilitugusa, kwani Ukambani mvua ni za kubahatisha na unga haumwagwi ovyo. Asubuhi yake tukafuatana na vijana.

Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981, na ndilo la juu kabisa katika mfululizo wa mabwawa ya umeme ya mto Tana, mto uleule unaotufikia sisi huku Kipini. Humo mna perege, mna kambale, na mna yule waliyemtafuta vijana: kapu. Jina lisiwachanganye wasomaji wetu wa kike. Hili si kapu la sokoni, bali ni samaki mnene mwenye magamba makubwa, mgeni aliyeletwa nchini kutoka ng'ambo.

Nasi, kwa kuwa tumekulia ufuoni, tulijiona wajuzi. Tulikuwa tumechukua dagaa wakavu na vipande vya ngisi. Hadi alasiri tulikuwa na kambale wawili, na kapu hata mmoja. Vijana walituheshimu, hawakucheka mbele yetu.

Kosa letu lilikuwa kusahau kumtazama samaki mwenyewe. Kapu hana meno tayani. Meno yake yako ndani kooni, nayo ni ya kuponda mbegu na konokono. Pembeni mwa mdomo ana ndevu nne za kuonjea. Hutembea chini matopeni, akavuta tope kinywani, akachagua kilicho chakula na kutema kilichobaki. Basi chambo chake kiwe kidogo, laini, chenye harufu, na kilale chini.

Mahindi ndiyo tunayoyatanguliza. Yalowekwe usiku na mchana, yachemshwe mpaka punje ibonyee kati ya vidole, kisha yaachwe katika maji yake siku moja au mbili hadi yaanze kuchachuka. Punje mbili au tatu zatosha ndoana moja. Mama wa Kithyoko hahitaji hata kuyapika mbali: akichota gao moja katika chungu cha isyo, kabla ya chumvi na mafuta, amemaliza kazi. Muthokoi haufai sana, kwani punje iliyokobolewa ganda huchomoka upesi ndoanani. Na mahindi makavu yasiyopikwa yasitumiwe kabisa, maana huvimba ndani ya samaki.

Baada ya mahindi ni sima ya jana, si ya leo. Ikandwe na unga kidogo wa ngano ili ishikamane, ifinyangwe vidonge vya ukubwa wa njugu. Vijana walikuwa wakikoroga unga mbichi na maji. Ulikuwa ukiyeyuka kabla chubwi haijagusa chini, na huko ndiko ulikokuwa ukiishia unga wa mama yao. Chakula cha kutupwa majini ili kuwakusanya samaki kisizidi konzi moja. Kikizidi, samaki hushiba, na masazo huoza katika maji wanayokunywa watu. Mikono nayo isinukie sabuni, mafuta ya taa wala udi.

Kuhusu nyungunyungu, moyo wa mama yule ulimwambia kweli. Ibn Qudama amenakili katika al-Mughni kwamba Imamu Ahmad alichukia kutia ndoanani kiumbe kilicho hai, kwa sababu ya kukitesa. Tulimwambia kijana amuue kwanza, kwa haraka, kisha amkate vipande. Hapungukiwi kitu, kwa kuwa kapu hutafuta kwa harufu na ladha, na kipande kilichokatwa hutoa harufu zaidi. Wallahu aalam.

Lakini lililotutia hofu ni jingine, nalo mama hakulijua. Nyungunyungu wale mtoto alikuwa akiwachimba kwenye tope la ukingoni, miguu ndani ya maji, na Masinga ina mamba na viboko. Tulipomweleza alinyamaza kitambo, kisha akainuka kwenda kuloweka mahindi. Kwa sharti lake, sasa hakuna anayekwenda bila chambo cha kutoka nyumbani, wala anayekanyaga maji. Hurusha mshipi wakiwa nyuma, penye ardhi kavu, na mkubwa wao yupo. Tuliwakumbusha pia wamwone afisa wa uvuvi kuhusu kibali.

Jumamosi iliyopita tuliletewa ujumbe: kapu wawili, kwa mahindi ya isyo. Pamoja nao swali jipya, kwamba nyama ni tamu ila miiba midogo imejaa, na watoto wanasakamwa. Mama, mkate kapu mistari ya kupita, myembamba, iliyokaribiana, kila ubavu, kisha umkaange kwa mafuta mengi yaliyochemka sawasawa. Miiba midogo hukauka ikatafunika. Aliye mdogo mno mchambulie mwenyewe kwa mkono.